Anaongea na marubani usiku kucha, nyumbani kimya

Tangu niliposema kwamba nimestaafu kazi ya kuongoza ndege, barua zimenijia nyingi, na ajabu yake ni kwamba chache sana zinauliza habari za ndege. Zinauliza ndoa, na zinauliza yule mfanyakazi mwenzetu wa meza ya pili (meza kwetu ni sehemu ya anga anayoiongoza mtu). Leo najibu tano.

Shikamoo mzee. Mume wangu ni muongoza ndege. Akitoka zamu ya usiku anakula bila kusema, analala mpaka saa tisa alasiri, nikimuuliza kitu najibiwa neno moja. Nimeanza kuhisi ana mtu nje. Au kazi yenyewe ndivyo ilivyo? – Mama Wawili, Kinyerezi

Marahaba, mwanangu. Kama ana mtu, hilo mimi sitalijua nikiwa huku. Ukimya wake ndio naujua vizuri. Usiku anga letu halilali: ndege za kutoka Johannesburg kwenda Dubai na Ulaya zinapita juu yetu wakati nyie mko kwenye ndoto. Kila agizo unalompa rubani analirudia, nawe unasikiliza anavyolirudia. Ukimpa kimo cha futi elfu nane akarudia elfu tisa, nawe ukapitiwa, balaa ni lenu wote. Ukisikiliza namna hiyo saa mbili tu mfululizo, masikio yanachoka kuliko miguu ya mchukuzi.

Ila uchovu usiwe kichaka cha kujifichia. Redioni tuna neno "standibai": si ndiyo, si hapana, subiri nitakuita. Siku moja nimetoka usiku, mke wangu akanifuata chumbani. Mtoto ana homa, ampeleke hospitali sasa au wasubiri jioni? Nikamjibu macho yakiwa yamefumba: "Standibai." Alisimama pale mlangoni, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, akingoja aitwe. Mimi nikapitiwa na usingizi. Alikwenda peke yake kwa daladala. Hakunigombeza hata kidogo. Lakini kwa wiki kadhaa, kila nikiomba chai nilijibiwa "standibai", na chai haiji.

Kwa hiyo usimfungulie jambo zito wakati anavua viatu. Mwache alale, akishaoga ndipo mkae. Na mwambie alete ratiba ya zamu uibandike kwenye friji. Shuku nyingi hufia hapo. Akiificha ratiba, basi hilo si la kazi tena.

Nilianza chuo pamoja na mwenzangu mmoja. Yeye anajisifu kuzibana ndege mpaka kikomo, mimi naacha nafasi. Chumba kizima wananiita "mwendo wa bi harusi", na msimamizi anamsifia yeye tu. – Bi Harusi, Mwanza

Pole, kijana, ingawa jina hilo limenichekesha. Wewe na yeye mnajua, lakini wasomaji wengine wajue: kwenye rada, ndege zilizo njiani hutengwa kwa maili 5 za baharini, karibu na uwanja panaporuhusiwa 3, au futi 1,000 kati ya ya juu na ya chini. Anayejisifu kuvigusa vipimo hivyo ni sawa na dereva wa basi anayejisifu kupita ukingoni mwa mtaro.

Mtu huyo kila chumba nilichofanyia kazi alikuwamo. Ukitaka kumpima, mwangalie wakati wa makabidhiano. Anaamka na kuacha ndege kumi na moja zilizopangwa kwa hesabu anayoijua yeye peke yake, anachukua chai yake, na anayepokea hedseti anaanza kutoka jasho. Wewe ukikabidhi meza ambayo anayeingia anaielewa kwa dakika moja, wenzako wataanza kupenda kupokea kwako, na msimamizi ataliona hata kama halisemi.

Nikuambie na la upande wako, maana sitaki ukaniona wakili wako. Ukiweka maili kumi pale tano zinapotosha, kuna rubani huko nyuma anazungushwa angani anachoma mafuta. Mwombe mkufunzi akae nawe zamu mbili, akuonyeshe ni woga au ni busara.

Mwenzangu ana ugomvi mkubwa na mkewe, halali nyumbani. Zamu ya usiku anakuja kulala, mimi nashika meza mbili. Nikimripoti nitaonekana nawania nafasi yake. – jina limehifadhiwa

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, katika chumba cha Zurich, muongozaji mmoja alikuwa peke yake kwenye meza mbili. Mwenzake alikwenda kupumzika, kama ilivyokuwa desturi yao na mameneja wakijua. Simu zilikuwa kwenye matengenezo. Ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Muongozaji yule aliuawa nyumbani kwake Februari 2004, na baba aliyefiwa na familia yake katika ajali hiyo. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa kampuni iliyokuwa ikiongoza anga lile, watatu wao mameneja.

Sasa niambie nani atakumbuka kwamba ulikuwa unamsitiri rafiki. Mwambie leo, uso kwa uso, kabla ya zamu: kesho sishiki meza yako, na nikiulizwa nasema. Mpe siku hiyo moja aende mwenyewe kwa msimamizi kuomba ruhusa. Asipokwenda, nenda wewe. Wakisema unawania nafasi, waseme.

Mke wangu naye ni muongozaji, na kapata kibali cha kuongoza ndege kwa rada kabla yangu. Sasa ananisahihisha hata nikiegesha gari. – Mume Mtu, Ukonga

Unaegeshaje? Nauliza kweli, huenda yuko sahihi. Mwombe akuandae kwa mtihani wa kibali hicho, jioni mbili kwa wiki, vitabu mezani. Siku nyingine mazungumzo ya kazi yaishie getini. Na nyote wawili ombeni zamu zisizofuatana, msikabidhiane meza. Kukabidhiana meza na mtu mliyenuniana asubuhi ni hatari.

Ndoa yangu inavunjika. Nikiachika nitanyang'anywa leseni? – N., Dodoma

Hapana, dada. Leseni haiulizi cheti cha ndoa, inauliza cheti cha afya cha daraja la 3. Lakini kanuni za kimataifa zinamkataza mwenye leseni kufanya kazi anapojua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kumzuia kuifanya kwa usalama. Kama umeanza dawa za usingizi, mweleze daktari wa anga kabla ya kuvaa hedseti. Na kama jana hukulala kabisa, mpigie msimamizi sasa hivi, gari la zamu halijafika.