Barua kwa mwanangu: mahekalu ya kale na yule twiga wa Konark

Mama'ngu Zai, asalaam aleikum.

Meseji yako niliisoma juzi usiku nikaona hili si la kujibu kwa mistari miwili, nikasema nisubiri Jumapili nitulie. Umeuliza, una likizo ya siku kumi hapo Bangalore, India, wenzako wote wanakimbilia Goa ufukweni, we unataka kuona mahekalu ya zamani ya Wahindu, ujenzi wake na historia yake, sasa baba yapi kweli yanastahili nauli, na je mimi Muislamu kuna ubaya nikiingia.

Nianze na hilo la mwisho maana najua ndo linalokusumbua. Umepita Mtaa wa Kisutu pale Dar tangu mdogo, mahekalu yamepangana, hakuna aliyekulazimisha kitu. Mi mwaka 1988 serikali iliponipeleka kule kwa kozi ya ujenzi niliingia mengi tu, navua viatu, nanyamaza, naangalia mawe, natoka. Unaenda kuangalia kazi ya mafundi, huendi kuabudu, na wenye mahali wanalijua hilo. Pale wasipotaka mtu asiye wao wanasema wazi, kama lile la Jagannath kule Puri, hapo usibishane na mlinzi hata kidogo, geuza zako.

Sasa mahekalu yenyewe. Watu watakupa listi ndefu utachanganyikiwa, utaishia kukaa kwenye mabasi siku kumi na picha mia tano ambazo huzikumbuki ni za wapi. Mi ningekwenda sehemu tatu tu, na kila moja ningekaa mpaka jua lihame upande, manake jiwe la kuchongwa asubuhi unaona kitu kingine na jioni kitu kingine kabisa.

Ya kwanza Thanjavur, hekalu la Brihadisvara, panda treni ya usiku. Alilijenga mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola, likakamilika karibu mwaka 1010. Zai, mnara wake una zaidi ya mita 60 na wote ni graniti, halafu mji wenyewe uko kwenye bonde la mpunga, udongo mtupu, ukizunguka mjini hupati mwamba hata wa kukalia. Kila jiwe limeletwa kutoka mbali. Na halijashikwa na chokaa wala nini, yamechongwa yakakaliana, uzito wenyewe ndo gundi. Ndani mnara uko wazi, mawe yamesogezwa kidogo kidogo kwenda katikati kila mstari mpaka juu yakakutana. Mi nilisimama pale na timazi kichwani, si unanijua, natafuta wapi pamepinda, sikupata. Miaka elfu na sisi huku tunajenga ghorofa nne inatoa ufa kabla ya kupaka rangi.

Waongoza watalii wa pale, naona mnawaita tua gaidi siku hizi, watakuambia mambo mawili. Moja, kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi saa sita mchana. Uongo, nimekikanyaga mwenyewe. La pili, kwamba kile kichwa cha juu ni jiwe moja la tani 80 lililovutwa kwa tuta la udongo la kilomita kadhaa. Hilo la tuta naliamini, sioni namna nyingine ya kupandisha mizigo ile, lakini jiwe moja, mmh, kwa jicho la fundi naona ni vipande vilivyounganishwa vizuri. Usibishane nao, wape chai yao uendelee.

Kitu nilichokipenda kuliko mnara kiko chini kabisa, kwenye msingi. Ukuta umeandikwa Kitamil kuzunguka, na si dua tu, ni daftari! Mfalme aliamuru kila kitu kiandikwe kwenye jiwe, dhahabu ngapi imetolewa na nani, vito, taa, mafuta ya kuwashia hizo taa yanatoka wapi, na wanawake 400 wacheza ngoma wa hekalu kwa majina yao, kila mmoja anakaa safu ipi ya nyumba. Wahasibu wamo, vinyozi, wapiga ngoma. Mi nilikuwa nasimamia site pale Korogwe nikashindwa kujua vibarua wangu wangapi wamekuja leo, mtu wa mwaka 1010 anajua mcheza ngoma wake anaishi mlango wa ngapi.

Ya pili ni Belur na Halebidu, hizi ziko karibu na wewe, basi mpaka Hassan halafu unaunganisha, siku mbili zinatosha. Hapa sahau ukubwa, mahekalu yenyewe ni mafupi, ila yamechongwa kama dhahabu ya bibi harusi. La Belur lilianza 1117 chini ya wafalme wa Hoysala. Siri yake ni jiwe, ni jiwe la sabuni, la aina ya lile Wakisii wa Kenya wanachongea vinyago, likitoka ardhini ni laini unalikata vizuri, likikaa hewani linakomaa. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu, kwa sababu wazee wetu wa pwani walifanya hivyo hivyo na matumbawe, yakitoka baharini mabichi unayachonga kama mhogo, yakikauka yanakuwa jiwe kweli kweli, ndo yale maua unayoyaona kwenye vibla vya misikiti ya zamani. Bahari moja hii, akili moja, kila mtu kivyake.

Nguzo za ndani angalia vizuri, zimekerezwa. Yani jiwe limezungushwa kama mguu wa kitanda cha kikwetu, pete juu ya pete, na zinang'aa mpaka leo. Halafu tafuta sahihi. Mafundi wa kule waliweka majina yao chini ya kazi, jambo ambalo mahekalu mengi ya India hulioni. Pale Belur kuna fundi Dasoja na mwanawe Chavana, baba na mtoto, wale wanawake wa mawe wanaoinama chini ya paa, mmoja anajitazama kwenye kioo, baadhi ya wanawake hao ni kazi ya hao wawili. Nilikaa nikawaza sana, baba amesimama pembeni anamwambia kijana punguza hapo, usiguse hapo. Umeona mwenyewe mi na kaka yako tukiwa site tunavyogombana.

Halebidu iko karibu tu, hekalu kubwa zaidi, mapacha, ila minara haipo na kazi haikumalizika. Jeshi kutoka Delhi lilifika huko mwanzoni mwa karne ya 14 na baadaye ufalme ukaisha. Unesco waliyaingiza haya ya Hoysala kwenye urithi wa dunia 2023 tu, kwa hiyo nenda sasa kabla watu hawajajaa.

Ya tatu Hampi. Treni ya usiku mpaka Hosapete, asubuhi upo. Hii si hekalu moja, ni mji mzima uliokufa, mji mkuu wa ufalme wa Vijayanagara, ulivunjwa na kuporwa baada ya vita ya 1565. Utaona hekalu la Virupaksha ambalo bado linaswaliwa, samahani, linaabudiwa, na lile la Vittala lenye gari la mawe, toa noti ya rupia hamsini mfukoni utaliona hapo nyuma. Watu wanapiga picha na gari wanaondoka. We nenda kwenye majabali pembeni utafute mistari ya vishimo vidogo vimepangana kama mshono, hapo ndo walipokuwa wanapasua graniti, wanatoboa kwa tindo, wanapigilia kabari za mti mkavu, wanamwagia maji, mti unavimba, jiwe linakatika. Kuna mawe yalianza kutobolewa yakaachwa hivyo hivyo. Mi pale ndo niliusikia ule mji, si kwenye gari.

Na angalia pia farasi waliochongwa na wafanyabiashara wake. Wafalme wa pale hawakuwa na farasi wazuri, walikuwa wananunua kwa waliokuja na vyombo kutoka Uarabuni na Hormuz, njia zile zile za pepo zilizoleta majahazi kwetu.

Kailasa kule Ellora nalitaja tu kwa sababu utaulizwa. Ni mbali na wewe, Maharashtra, ila siku moja uende, si jengo, ni mlima, walianza juu wakachimba kushuka mpaka likatokea hekalu zima, karne ya 8, zama za mfalme Krishna wa kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta. Fundi ukikosea hapo huna pa kulibandika ulichokata. Jumanne wanafunga.

Sasa lipo moja ambalo mi sikufika na bado linaniuma. Konark, Odisha, hekalu la jua, karne ya 13, lilijengwa kama gari la jua lenye magurudumu 24 na farasi saba. Tiketi nilikata, ile kozi wakatubadilishia ratiba, nikairudisha. Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba chini kwenye msingi, kati ya tembo wengi sana, kuna kipande kinaonyesha mfalme juu ya tembo na watu mbele yake wamemletea mnyama shingo ndefu. Twiga! India hakuna twiga Zai, huyo alipanda chombo kutoka upande wetu huu wa Afrika. Malindi walipeleka wao China 1415, hiyo inajulikana, lakini huyu wa Konark yuko kwenye jiwe zaidi ya miaka 150 kabla.

Siku kumi hazitoshi kuongeza na Konark kwa treni, najua, usijitese. Ila ukipata likizo nyingine, au ukipata ndege ya bei nafuu mpaka Bhubaneswar, nenda unipigie picha ya huyo twiga, karibu, si ya mbali, nataka kuona yule fundi aliwahi kumwona kwa macho au aliambiwa tu.

Beba kitambulisho cha chuo, na jua kwamba kwenye baadhi ya yale yanayosimamiwa na serikali mgeni analipa zaidi sana kuliko mwenyeji, usishtuke. Na mama yako anasema soksi nene, kwa sababu viatu unaacha nje na mawe ya Thanjavur saa saba mchana yaliniunguza nyayo nikawa natembea kama kaa, hiyo hadithi anayo mpaka leo na anaipenda kuliko mahekalu yote niliyomsimulia.

Baba yako