Moshi wa Baada ya Moto

SWALI: Mume wangu ni askari wa zimamoto hapa Mwanza. Ndani ya moto anavaa mtungi wa hewa, ila ukishazimwa anauvua, anaendelea kupekua vifusi. Anarudi ananuka moshi, anakohoa siku mbili tatu, makohozi meusi. Wenzake humwambia anywe maziwa yatoe moshi. Yanasaidia?
Mama wawili, Igoma

JIBU: Hapana, dada. Maziwa yanashuka tumboni. Moshi umekaa mapafuni, na huko hayafiki. Hayo makohozi meusi ni masizi. Angevaa barakoa ya mtungi muda wote, yasingeonekana.

Moto ukizimwa, vifusi huendelea kufuka hata kama macho hayaoni kitu. Hutoka gesi ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, pamoja na vumbi laini mno linalofika hadi kwenye vifuko vya hewa. Godoro la sponji likiungua hutoa sumu ya sianidi. Kitambaa kilicholoweshwa hakizuii kaboni monoksidi hata kidogo. Mtungi ubaki mgongoni mpaka upekuaji uishe.

Tunajua kwa nini wanauvua. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi ba 300 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) una hewa ya lita 2,000 hivi. Kwa kazi nzito mtu hutumia lita 40 kwa dakika, hata zaidi. Ukiacha akiba ya ba 50, ni dakika kama 40, na mara nyingi haifiki. Kwa hiyo upekuaji wapewe wengine wenye mitungi iliyojaa, si hao hao waliochoka. Na anyoe ndevu kabla ya zamu: hata vinyweleo vya siku mbili hufanya barakoa ivujishe pembeni.

Kabla ya kuvua nguo za kazi, mwenzake amsugue kwa maji, sabuni na brashi, kuanzia kofia kushuka, barakoa ikiwa bado usoni. Shingo ifutwe vizuri, masizi hupenya hata ngozini. Nguo zifungwe kwenye mfuko na zifuliwe kituoni. Tafadhali usiziloweke na za watoto. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani.

Akiumwa kichwa, akisikia kichefuchefu au kizunguzungu, awahishwe hospitali apewe oksijeni, na aseme wazi kwamba alivuta moshi. Kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi. Kinaweza kusoma asilimia 98 huku mwili unakosa hewa. Kifua nacho kinaweza kubana kesho yake, siyo palepale.

Kikohozi kikifika wiki mbili apime TB, ni bure, asiseme "ni moshi tu". Kisha kila mwaka apime nguvu ya mapafu kwa kupuliza kwenye mashine, na karatasi za majibu mzitunze nyumbani. Karatasi moja haisemi mengi. Ya mwaka huu ikiwekwa kando ya ya mwaka jana, daktari huona mapafu yanashuka kabla mwenyewe hajaanza kuhema kwenye ngazi.