Helmeti hupimwa kwa fuvu, nywele hufuata

Ndugu yangu, umeeleza kwamba huu ni mwaka wako wa pili wa kufuga nywele, kwamba mchana kutwa unavaa kapelo ili zisikusumbue, na kwamba helmeti ya pikipiki iliyokuwa ikikutosha vizuri ulipokuwa ukinyoa sasa inakubana hadi kichwa kinauma. Umeuliza kama ununue kubwa zaidi, au upunguze sponji za ndani, au uhamie kwenye ile ya nusu kichwa. Tena umeuliza kama ni kweli kofia huleta kipara. Mimi nina nywele ndefu kwa mwaka wa tisa na pikipiki naiendesha karibu kila siku, na katika makosa hayo matatu unayoyafikiria, moja nimekwisha kulifanya, baada ya kuanza na jingine la kwangu mwenyewe ambalo hukulitaja.

Nywele zangu ni za kipilipili, na zilipofika urefu wa kushikika mkononi nilizoea kuzikusanya utosini na kuzifunga fundo. Lilikuwa fundo dogo, ukubwa wa limau, nami nilidhani helmeti italibonyeza tu na mambo yaishe. Haikulibonyeza. Ilisimama juu yake kama chungu kilichoinjikwa kwenye jifya moja: paji la uso lilibaki wazi, sponji za mashavuni hazikugusa mashavu, na kila nilipogeuza shingo helmeti ilichelewa kidogo kunifuata. Siku moja gari la mbele lilisimama ghafla nami nikafunga breki. Helmeti ikateremka mbele, ukingo wake wa juu ukaniziba macho, na nikamalizia kusimama kwa kukisia tu barabara iko wapi. Sikumgonga mtu, lakini miguu ilitetemeka hadi nilipofika nilikokuwa nakwenda.

Badala ya kulilaumu fundo, nililaumu helmeti, nikanunua iliyo kubwa zaidi kwa saizi moja. Kwa siku kadhaa nilijiona mjanja, kwa sababu nywele zilijaza nafasi yote na kila kitu kilionekana kukaa sawa. Tatizo ni kwamba nywele si sponji: hubonyea, huteleza, na leo zimejaa lakini kesho, zikisukwa au zikilowa jasho, zimelala. Nilipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa upepo uliingia chini ya ukingo, ukainua helmeti nzima, na mkanda wa kidevuni ukanikaba koo.

Nadhani inafaa kueleza kwa nini jambo hili si la starehe tu. Chini ya lile ganda gumu la nje kuna tabaka nene la povu la polistirini, na hilo ndilo linalofanya kazi yenyewe: kichwa kinapogonga, povu husagika, na katika kusagika huko hukipa kichwa muda na nafasi ya kupunguza mwendo kabla hakijasimama. Husagika mara moja tu, halirudi. Sponji laini za kitambaa zilizo ndani kabisa kazi yake ni kushikilia kichwa mahali pake, ili povu liwe limekikumbatia fuvu wakati linapohitajika. Ukiacha pengo, au ukalijaza kwa nywele zinazoteleza, helmeti inaweza kuzunguka au kuchomoka kabla ya kugonga chochote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Faida hiyo huipati kwa helmeti iliyokuacha ukiwa bado hewani.

Kwa hiyo wazo la kukata au kuchimba povu ili kupata nafasi ya nywele liondoe kabisa akilini. Kubadilisha sponji za mashavuni kwa nyembamba zaidi zilizotengenezwa na kiwanda kilekile kwa ajili ya modeli hiyohiyo ni jambo jingine, na linakubalika. Ama helmeti ya nusu kichwa, sioni inakusaidia nini: utosini, ambako ndiko nywele zimejaa, inabana vilevile, huku kidevu na taya zikibaki wazi na ncha za nywele zikipigwa na upepo hadi zifungamane. Ikiwa shida yako ni kupitisha kichwa kwenye tundu la helmeti nzima bila kuzivuruga nywele, tafuta ile ambayo sehemu ya kidevuni hufunuka kwenda juu. Ni nzito kidogo na ina kelele zaidi, lakini mimi ndiyo ninayoitumia sasa. Iwe na alama ya kiwango cha usalama kinachotambulika, kama vile ECE 22.06, kiwango cha kimataifa cha helmeti za pikipiki.

Kupima ni lazima kufanyike nywele zikiwa zimelazwa kama zitakavyokuwa barabarani, si kama zilivyo ukiwa umekaa nyumbani. Zungusha utepe wa kupimia sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, upite juu ya masikio, hadi sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi, upime hivyo mara tatu na uchukue kipimo kikubwa kuliko vyote. Ukishaivaa, kaa nayo dakika 15 au 20 bila kuivua. Kubana kwa usawa pande zote ni kuzuri. Kuchoma mahali pamoja, hasa katikati ya paji la uso, maana yake umbo la helmeti hiyo si umbo la kichwa chako, na saizi kubwa haitaliponya hilo. Itikise: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Kisha funga mkanda, shika ukingo wa nyuma, usukume juu kuelekea mbele. Ikikaribia kutoka, irudishe dukani.

Sasa nywele zenyewe. Zikiwa za kulala, zifunge mkia ulegee chini kabisa ya kisogo, nje ya ukingo wa helmeti, kisha uingize mkia ndani ya jaketi. Zikiwa kama zangu, suka mistari myembamba ya kwenda nyuma, ile inayoitwa twende kilioni. Nilichekwa na dada zangu wiki ya kwanza, baadaye wakawa wananisuka wao. Mwenye rasta nene hana namna ya kuzilaza zaidi ya zilivyo, kwa hiyo apime pamoja nazo, azipeleke zote chini, wala asizirundike juu. Ndani ya helmeti vaa kikofia chembamba cha hariri au satini kisicho na mshono mnene. Huzuia msuguano unaokata nywele na huchukua jasho badala ya sponji. Usivae helmeti juu ya nywele zilizolowa.

Kuhusu kipara, ondoa wasiwasi: kipara cha wanaume hutokana na urithi na homoni, na kapelo haihusiki. Kinachoweza kukuharibia nywele kweli ni kuvutwa. Mkia au msuko uliokazwa sana, siku baada ya siku, huzing'oa nywele za ukingoni mwa paji la uso na juu ya masikio, na ukiendelea kwa miaka zinaweza zisiote tena. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi baada ya kusuka, legeza siku hiyohiyo. Kapelo, basi, vaa, ila usiivae kamwe chini ya helmeti. Shika kile kifungo kidogo kigumu kilicho juu yake, halafu ufikirie kikiwa kati ya utosi wako na povu wakati kichwa kinagonga lami.

Nywele hukua takriban sentimita 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo wewe uko katika kipindi kibaya kuliko vyote: ni ndefu za kutosha kusimama, lakini fupi mno kufungwa vizuri. Kabla hujatoa fedha, na ikiwa helmeti yako haijawahi kuanguka vibaya wala kupita miaka mitano, zilaze nywele kwa msuko, uvae kikofia cha satini, kisha uijaribu tena. Mimi nilipofanya hivyo, ile ya zamani niliyokuwa nimeiweka juu ya kabati nikisubiri mtu wa kumpa iliingia kichwani kama siku niliyoinunua.