Jibu: Maandishi yenye ukungu kwenye Chrome

Habari ndugu. Umesema kwenye Chrome herufi zina ukungu na kingo kama msumeno, ila picha ziko safi. Usifute programu bado. Anza kwa kubonyeza Ctrl na 0, ukurasa urudi 100%. Kisha kagua kipimo cha kioo (resolution, yaani idadi ya nukta za kioo) kwenye mipangilio ya Windows. Laptop yangu ina kioo cha 1366 × 768, nikakuta imewekwa 1024 × 768, nikairudisha. Miguu mitatu ya “m” ilikuwa imeshikana kama doa la wino. Hapo ndipo tatizo langu liliishia.

Lako likibaki, tafuta ClearType (sehemu ya Windows ya kufanya herufi zisomeke vizuri), iwashe, uchague sampuli zinazosomeka vizuri. Chukua muda wako hapo, macho ni yako. Mwisho, kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya Mfumo, zima matumizi ya kadi ya grafiki, uifungue Chrome upya. Tuletee majibu.