Bampa kwenye kitanda cha mtoto: maswali yenu

Tangu nilipoandika kuhusu usingizi wa vichanga, swali linaloongoza ni la bampa, ile mito mirefu ya sponji inayofungwa kwa kamba kuzunguka kitanda cha mtoto kwa ndani. Nimechagua maswali machache. Majibu ni yale yale ninayowapa kina mama kliniki, maana kazi yangu ni ukunga.

Nina mimba ya miezi minane. Nimenunua seti Kariakoo: bampa, duveti, mto na mdoli, vyote rangi moja. Muuzaji anasema bampa inamkinga mtoto asijigonge. Ni kweli? (Mama mtarajiwa, Tabata)

Hongera mama, Mungu akufungue salama. Bampa usiifunge. Duveti, mto na mdoli viweke kabatini mpaka mtoto avuke mwaka mmoja.

Mtoto wa miezi miwili au mitatu anaweza kujisogeza mpaka uso ukafika kwenye sponji, lakini hana nguvu wala akili ya kurudi nyuma pua inapozibwa. Hatapiga kelele. Anavuta tena hewa ile ile aliyoitoa, oksijeni inapungua, na mama aliyelala hatua mbili pembeni hasikii chochote. Mwaka 2007 daktari wa watoto Bradley Thach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za vifo vya watoto Marekani kuanzia 1985 hadi 2005. Walikuta watoto 27 waliokufa kwa sababu ya bampa: wengine nyuso zikiwa zimegandamana na sponji, wengine wamebanwa kati ya bampa na kitu kingine, wengine wamenyongwa na kamba za kufungia. Majeraha ambayo bampa ingeweza kuzuia yalikuwa madogo tu, kama michubuko na uvimbe.

Kujigonga kwa mtoto wa umri huo hakumvunji kitu. Analia, unambeba, yanaisha.

Shuka la seti yako litumie, ilimradi lina lastiki na limekaza godoro vizuri.

Kitanda chetu kimetengenezwa na fundi wa Keko. Fito ziko mbalimbali, ngumi yangu inapita katikati. Nisipoweka bampa mtoto si atanasa? (Baba wa mapacha, Mbagala)

Baba, swali lako limenigusa, kwa sababu hapo ndipo bampa ilipoanzia. Zamani vitanda vya watoto vilikuwa na fito zilizoachana sana. Mtoto anapojinyonganyonga usingizini, miguu hutangulia, kisha nyonga, kiwiliwili chote kinapita, halafu kichwa kinakwama na mtoto anabaki ananing'inia. Mito ikawekwa kuziba hizo nafasi. Marekani walipoweka kanuni mwaka 1973 kwamba nafasi kati ya fito na fito isizidi takriban sentimita 6, kazi hiyo ya bampa ikaisha. Iliyobaki ni pambo, na pambo likaendelea kuuzwa kama kinga.

Sasa sisi tunaochongesha vitanda mtaani, fundi hapimi kwa kanuni hiyo, anapima kwa macho na kwa mbao alizonazo. Kwa hiyo tatizo la zamani kwako bado lipo, na ni kweli la hatari. Lakini dawa yake si sponji. Sponji inalegea, inashuka, na nafasi iko pale pale nyuma yake. Rudisha kitanda kwa fundi aongeze fito. Chukua rula, usiende na makadirio. Mwambie hivi: kati ya fito na fito sentimita 6, isizidi. Godoro lijae kitandani, vidole viwili visiingie pembeni yake, tena liwe gumu, lisibonyee kichwa kikaacha shimo. Nguzo za kona zisiwe na vile vichwa vya mapambo vinavyonasa nguo. Ubavu wa kitanda usiwe wa kushuka na kupanda. Marekani walipiga marufuku aina hiyo mwaka 2011 baada ya vyuma vyake kulegea na kunasa watoto. Ukingo uwe juu ya godoro sentimita 60 au zaidi godoro likiwa limeshushwa chini kabisa, kwa sababu wakianza kusimama hao mapacha wako hawatakuuliza.

Na kila pacha alale na nafasi yake peke yake.

Binti yangu ana miezi sita, mguu unapenya kwenye fito usiku na anaamka analia. Nimeona bampa za wavu zinazopitisha hewa. Hizo je? (Mama J., Nakuru)

Mguu ukipenya unautoa taratibu kwa kukunja goti, na ukiona alama nyekundu itaondoka yenyewe. Inachosha, najua. Lakini ni kipindi, akizoea kujigeuza kinapita.

Za wavu zina nafuu kwa upande wa hewa, ila bado zina kamba, bado zinalegea, na mtoto anayejifunza kusimama anaweza kukwama humo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri usifunge kitu chochote kwenye fito, hizo zikiwemo. Mimi nafuata hapo hapo.

Tuko Ohio. Mama amenishonea bampa ya kitenge na kunitumia kutoka Bukavu. Wenzangu wananitisha kwamba ni kinyume cha sheria. Nimjibu nini bila kumvunja moyo? (Mama wa kwanza, Columbus)

Sheria ipo. Rais Biden aliisaini Mei 2022, ikaanza kazi Novemba mwaka huo, na inakataza kutengeneza na kuuza bampa zenye sponji Marekani nzima. Ohio yenyewe ilikuwa imetangulia. Polisi hatakuja kukagua kitanda chako, lakini sababu ya sheria ni watoto waliokufa, na hiyo inatosha.

Mpigie simu mama, usimwandikie. Mwambie umeipokea na umeifurahia, kisha mwambie daktari wa mtoto amekukataza. Wazee wetu wengi humsikia daktari hata pale wasipomsikia binti. Kitenge ukikifumua sponji utapata mbeleko nzuri.

Mama mkwe anasema mtoto akilazwa chali atapaliwa akicheua. Anataka alale kifudifudi. (Dada, Tanga)

Shikamoo yake mpe, na chali aendelee nako. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na ya chakula iko chini, kwa hiyo anachocheua kinahitaji kupanda ndipo kiingie kwenye mapafu. Kifudifudi ni kinyume chake. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Kifudifudi ni cha mchana, akiwa macho, mama mkwe akimtazama na kumchezesha. Mpe kazi hiyo, ataipenda.

Njombe ni baridi kali. Bila bampa na blanketi zito si ataganda? (Mama wa wiki tatu)

Mvike nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, soksi, na kitu cha kulalia kisichofika usoni. Ukitaka kujua kama ana baridi gusa kifua au kisogo. Mikono ya kichanga huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Kofia ivuliwe akilala ndani, inateleza hadi puani na inamzidishia joto.

Ninachokuogopea zaidi ni jiko la mkaa. Tafadhali, usilale nalo chumbani, hata likiwa limefifia. Moshi wake usioonekana unaua familia nzima kabla ya alfajiri, na mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya watu. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje.

Sisi hatuna kitanda cha mtoto, tunalala naye. Haya yote yanatuhusu? (Mama Neema, Morogoro)

Yanawahusu sana, na wengi wetu tuko hivyo. Lililo bora ni mtoto awe chumba kimoja nanyi, kwenye sehemu yake: kigodoro kigumu chini pembeni ya kitanda, au kikapu kipana, chenye shuka lililokazwa na kitu kingine chochote kisiwemo, na chandarua juu kilichochomekwa vizuri kisimwangukie usoni.

Ikiwa lazima alale kitandani penu, toa mito upande wake, blanketi lenu lisimfikie, asilale kati yenu, na asisukumwe ukutani pana mwanya. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi asilale naye. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo asilale nanyi kabisa. Na ukinyonyesha usiku umechoka, nyonyesha ukiwa kitandani, si kwenye kochi. Kwenye kochi mtoto huteleza akabanwa kati yako na mto wa kuegemea, na hutaamka kwa wakati.