Shabaha ya Karatasi Haitoshi

Swali: Ndugu Mhariri, nina leseni ya bastola na hulenga vyema katika uwanja wa shabaha. Je, hayo yanatosha kwa kujilinda?

Jibu: Hayatoshi, ndugu msomaji. Karatasi haisogei wala haitishi, ilhali katika hatari ya kweli moyo hudunda, vidole hupoteza wepesi na macho hung'ang'ania kitu kimoja hata usimwone mtoto aliye nyuma ya mshambuliaji. Tafuta mkufunzi atakayekuzoeza kwa matukio ya kuigiza na risasi za mafunzo zinazoacha alama ya rangi, nyuso zikiwa zimekingwa na silaha halisi zimeondolewa kabisa ukumbini. Mengi ya matukio hayo, na hili nalisisitiza zaidi, yamalizike kwa maneno, kurudi nyuma au kukimbia, bila kufyatua risasi hata moja.