Anatumia ARV, kipimo cha mate kimeonyesha mstari mmoja: je, amepona?

SWALI: Mimi ni mwelimishaji rika hapa Makambako, mkoani Njombe. Tunagawa vipimo vya kujipima VVU kwa akina dada wa baa na madereva wa malori wanaolala hapa. Dada mmoja ambaye amekuwa akichukua ARV, dawa za kufubaza VVU, katika CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) kwa miaka mitatu alijipima kwa mate, akaona mstari mmoja tu, yaani jibu la kutokuwa na VVU. Sasa anasema amepona, na dawa ameziacha. Je, kipimo ni kibovu?

JIBU: Ndugu mwelimishaji, hakuna sababu ya kudhani kipimo ni kibovu, na dada huyo hajapona. Kipimo hicho hakitafuti virusi, bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo katika majimaji ya fizi ni chache kuliko katika damu. ARV zikishafubaza virusi kwa muda mrefu, kingamwili nazo hupungua, kiasi kwamba mstari wa T, ule unaoonyesha VVU, unaweza usionekane kabisa. Virusi vyenyewe bado vimejificha ndani ya seli, na mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi huanza kuzaliana tena baada ya wiki chache tu.

Msindikize CTC leo, si wiki ijayo. Aseme bila kuficha ni siku ngapi hajameza dawa, ili mhudumu aamue namna ya kumrudishia na lini apimwe wingi wa virusi, ambacho ndicho kipimo kinachomfaa. Wakati huo wote kondomu zisikosekane. Tafadhali asikaripiwe, kwani aliyepewa kipimo bila kuelezwa mipaka yake hana kosa.

Kosa, kwa maoni yangu, liko katika ugawaji. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 4.4, kwa hiyo ukigawa vipimo meza kwa meza, vingine vitaangukia mikononi mwa wanaotumia dawa tayari. Usiwaulize nani anazitumia, maana baa haina siri. Mwambie kila anayepokea, hata mwenye baa, sentensi ileile: kipimo hiki hakimfai anayemeza ARV, na kwa anayetumia dawa za kujikinga na VVU (PrEP) kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Ongeza kwamba mstari mmoja haumhakikishii mtu aliyekuwa katika hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, na kwamba mistari miwili bado inahitaji kuthibitishwa kituoni. Aliyepasukiwa na kondomu jana hahitaji kipimo cha mate, anahitaji kufika kituoni kabla ya saa 72 kwisha ili aanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi za siku 28.

Jambo la mwisho ni baridi, ambalo wengi hulisahau. Kipimo cha mate kinachotumika sana hutakiwa kufanyiwa kazi kwenye nyuzi joto 15 hadi 37, na majibu husomwa kati ya dakika 20 na 40. Dereva anayejipima ndani ya kabini saa kumi alfajiri mwezi Julai, huku vioo vimeganda ukungu, yuko nje ya kiwango hicho. Mshauri asubiri jua lipande, au ajipimie ndani ya chumba chenye joto.